Gunia Moja, Namba Kumi

Ninyi mnaoingia ghalani sasa, mnaoshika mizani asubuhi na kompyuta mchana, haya nayaandika kwa ajili yenu. Someni mkiwa mmekaa, si huku mnachezea simu. Mimi nimesoma mpaka darasa la nne, kwa hiyo msitafute maneno makubwa humu. Neema ndiye anayenichapia, na nimemkataza kuongeza lake. Akiona nimekosea, aache nilivyokosea.

Nimepima mazao ya watu Kasulu na Kibondo tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, na nimeacha mwezi uliopita. Nani alipandishwa cheo lini, nani alilipwa nini, hayo kaulizeni ofisini, faili zipo. Mimi nitasema ya mizani.

Siku yangu ya kwanza ilikuwa Kasulu. Nilifika na viatu vya kuazima, nikakabidhiwa kwa Mzee Shabani, mpimaji mkuu. Watu wake walikuwa wa Ujiji, wenye maduka pale mjini, lakini yeye duka lilimshinda kwa sababu alikuwa hajui kumwambia mtu uongo. Ghalani alikuwa na kofia safi, kalamu mbili mfukoni, na jiwe la chuma la kilo ishirini ambalo hakuruhusu mtu mwingine alibebe. Kila asubuhi alilipima jiwe lile kabla ya kitu kingine chochote. Mzani ukisema jiwe ni ishirini, kazi inaanza. Ukisema vingine, tunatafuta fundi, na mkulima atasubiri hata akinuna.

Akaniambia, "Binti, namba unazijua?"

"Nazijua."

"Pima gunia lile. Andika. Lishushe. Pima tena. Mara kumi."

Mzani wenyewe ulikuwa wa kuning'iniza, umefungwa kwenye boriti, na gunia la maharage linapopanda juu linazunguka kama mbuzi aliyefungwa kamba. Mara ya kwanza nikaandika hamsini na mbili. Mara ya pili, hamsini na moja na nusu. Mara ya tatu, hamsini na mbili na robo. Kufika ya tano jasho lilikuwa linanitoka. Kufika ya saba nikashawishika kuandika hamsini na mbili kwenye zote zilizobaki, nikanywe uji. Sikuandika. Msije mkadhani ni wema, ilikuwa ni woga.

Nikampelekea karatasi huku nalia. Akaisoma pole pole, kidole juu ya kila namba.

"Zote hizi ni gunia moja?"

"Ndiyo, mzee. Sijui kupima."

"Ungeniletea namba moja mara kumi, ningekurudisha kwenu leo hii," akasema. "Mzani wa hivyo haupo. Anayeleta namba kumi zinazofanana kapima mara moja, tisa katunga." Kisha akachora mstari chini ya namba ndogo kuliko zote na mwingine chini ya kubwa kuliko zote. "Kati ya hii na hii, gunia ni lilelile. Ukipata namba nje ya hapo, weka kalamu chini utafute kilichotokea."

Nilifuta machozi, na siku ile nikapata kazi. Kila nilichofanya baada ya hapo kilitoka kwenye karatasi ile.

Maana kazi yetu, kwa asiyejua, ni hii. Mazao yanapimwa mara mbili. Yanapimwa kituoni kule kijijini, yanaandikwa. Yanapakiwa, yanafika ghalani, yanapimwa tena, yanaandikwa. Kwa hiyo kuna orodha mbili, gunia la kwanza kwa la kwanza, la pili kwa la pili, mpaka mwisho wa lori. Mpimaji wa ghala anaziweka ubavu kwa ubavu na kuamua kama ni mzigo uleule. Hazifanani kamwe. Ukikaa kuuliza kama zinafanana utazeeka hapo. Mzee Shabani alinifundisha kuuliza zimepishana kiasi gani, na kwa upande gani.

Hilo la upande alilirudia mpaka nikalichoka. "Mkono ukitetemeka, unatetemeka huku na huku," alikuwa akisema. "Gunia moja litazidi kidogo, lingine litapungua kidogo. Ukiona kumi yote yamepungua, hata kama ni kidogo kidogo, hata kama kila moja peke yake ungelisamehe, huo si mkono kutetemeka. Kuna jambo."

Akanipa na amri nyingine, ya nchi hii hasa. Sisi huku juu salamu yetu ni ndefu. Mtu anafika, anapiga makofi yale ya polepole, mwakeye, mwakeye, anauliza watoto, ng'ombe, mvua, aliyefiwa, aliyeolewa. Na wakati mnaulizana hayo, mkono wa mtu umeegemea gunia linaloning'inia. Mzee Shabani, ambaye kwao watu husalimiana kwa haraka kidogo, aliniambia, "Pima kwanza. Mengine yote baadaye." Nikaishika kama sala. Nikaifundisha kwa kila niliyemfundisha. Kumbukeni nimeiandika hapa, maana nitairudia.

Nilipohamishiwa Kibondo nilikuta mambo ya asali na nta. Kutoka Gwarama ilikuja nta ya mabonge, kilo mbili, kilo mbili na nusu, imefungwa kwenye majani ya mgomba, juu ya bodaboda. Wiki ya kwanza nikaona bonge limeandikwa kilo mbili, mzani wangu unasema moja na nusu. Nikalipitisha. Kwa akili yangu, nusu kilo tumeizoea, magunia yanapishana nusu kilo kila siku. Jioni nikazinduka. Nusu kilo kwenye gunia ni vumbi na unyevu. Nusu kilo kwenye bonge la nta ni mtu na kisu. Nilimfuata aliyelibeba mpaka kwake, nikakuta watoto wake wanatengeneza mishumaa. Tukazungumza. Sitasema tulizungumza nini, ila hakurudia.

Kosa langu jingine la Kibondo ni kuruka mstari. Gunia la kumi na saba lilipasuka njiani, halikupimwa, na mimi badala ya kuacha nafasi yake tupu nikaandika la kumi na nane mahali pake. Kuanzia hapo kila gunia likawa linalinganishwa na jirani yake. Mchana kutwa nilimtukana dereva kimoyomoyo. Kwa hiyo, gunia lisilopimwa, acheni nafasi yake wazi. Msiandike sifuri. Sifuri ni kusema nililipima nikakuta hakuna kitu, na hilo ni neno zito.

Sasa nije kwa Yustina.

Yustina ni mpimaji wa kituo cha Kumsenga. Mama yake alivuka naye kutoka Burundi akiwa mgongoni, akakulia kambini, leo ni raia kama mimi na shamba lake la mihogo ni zuri kuliko langu. Nilimfundisha mwenyewe. Nilimpimisha gunia mara kumi kama nilivyopimishwa. Alirudi na namba kumi tofauti, bila chozi, akaniambia, "Mama, huu mzani wenu una malaria, unatetemeka." Nikajua huyu atafaa.

Kituo chake ni kidogo, banda la bati na mzani mmoja, lakini kina mama wa kule wanakitegemea sana. Hawana lori. Wanabeba maharage kichwani kwenye vikapu, kikapu leo, kikapu keshokutwa, na kila mmoja ana gunia lake pale bandani lenye alama yake, analijaza mpaka linafika juu. Kituo kikifungwa, ni kubeba vikapu vile mpaka Kibondo mjini. Mtoto mgongoni, kikapu kichwani, na vilima vyetu mnavijua.

Kompyuta ilikuja mwaka wangu wa mwisho, na Neema akaja nayo. Neema ni mtoto wa Kasulu, amesoma mambo hayo Dodoma, anavaa miwani na anacheka kabla ya kusema. Kazi yake ilikuwa kutengeneza programu itakayozisoma zile orodha mbili na kuzilinganisha yenyewe. Meneja wetu, mtu mwema lakini mwenye haraka, alitualika sote tuone ikiwashwa.

Ikawashwa. Kila mstari ukawa mwekundu. SI SAWA, SI SAWA, SI SAWA, kutoka juu mpaka chini. Kasulu, Gwarama, Kumsenga, wote.

Meneja akashika kichwa. "Kwa hiyo wapimaji wote ni wezi?"

"Meneja, mashine iko poa," Neema akasema. "Data ndiyo imezingua."

Nikamuuliza, "Umeiambia itafute nini?"

"Kama namba hii ni sawa na hii, bibi."

"Sawa kabisa?"

"Sawa kabisa."

"Njoo hapa."

Nikampeleka kwenye mzani. Nikampa gunia. Mara kumi. Alipofika ya tatu miwani ilikuwa imejaa ukungu, na vijana wa kupakia wanamwimbia. Alipomaliza, nikamwonyesha karatasi yake mwenyewe, nikamwambia, "Haya, iambie mashine yako ikwambie kama wewe ni mwizi."

Akacheka, kisha akasema kitu ambacho sikukitegemea. "Bibi, nikuambie siri? Hata yenyewe iko hivyo. Ukiiambia ichukue sehemu moja ya kumi, ijumlishe na sehemu mbili za kumi, haipati tatu za kumi kamili. Inapata tatu za kumi na kimkia kidogo mbali sana huko nyuma. Shuleni tulifundishwa tusiulize kama namba za hivi ni sawa kabisa. Tuulize kama zimekaribiana vya kutosha. Nimesahau tu."

"Haijui tatu za kumi," nikasema, "na asubuhi yote imekuwa ikituita waongo."

"Nisamehe, bibi."

"Usiniombe mimi. Kairekebishe."

Akairekebisha. Akaiambia ikubali tofauti ya nusu kilo. Orodha zikageuka kijani, meneja akapiga makofi. Mimi nikaleta karatasi ya zamani ya ile nta ya Gwarama, nikamwambia aiingize. Mbili, na moja na nusu. Kijani.

"Umepitisha wizi," nikamwambia.

Neema akaisogelea skrini akaitazama. Ninampendea hilo, hatafuti sababu. Akauliza, "Kwa hiyo kila zao liwe na kiasi chake?"

"Mazao ni mengi, utaandika mpaka uzeeke. Fikiria mzani unapotoka wapi."

Tulikaa siku mbili kwenye hilo, mimi na karatasi, yeye na mashine. Tulichopata ni hiki, na mpaka leo ndicho kinachotumika. Kuna kosa la mzani wenyewe, dogo, lipo hata ukipima kijiko. Hilo tukalipa gramu hamsini. Halafu kuna kosa linalokua pamoja na mzigo, la unyevu na vumbi na kuyumba. Hilo tukalipa sehemu moja ya mia ya uzito. Unajumlisha viwili hivyo. Gunia la kilo hamsini linaruhusiwa zaidi kidogo ya nusu kilo. Bonge la nta la kilo mbili linaruhusiwa gramu sabini tu, na mwenye kisu anaonekana. Pia nikamwambia pasipopimwa pabaki pamesemwa hapakupimwa, pasihesabiwe sawa na kitu chochote. Akasema mashine yake inalijua hilo tayari, ina namba yake ya pasipopimwa, isiyokuwa sawa hata na yenyewe, hata ikijitazama kwenye kioo inajikana. Nikasema hiyo ni tabia ya baadhi ya madereva wetu.

Ningeishia hapo, ningestaafu kwa raha. Lakini nilikumbuka upande. Nikamwambia Neema, "Ongeza kitu kimoja. Kwa kila kituo, tuone magunia mangapi yamezidi na mangapi yamepungua. Hata yale ya kijani."

Akaongeza. Kasulu, mengine juu, mengine chini, kama mkono unavyotetemeka. Gwarama vilevile. Kumsenga, kila gunia kijani, na kila gunia limepungua. Hakuna hata moja lililozidi. Karibu robo kilo, gunia kwa gunia, miezi yote.

Meneja alikuwa nyuma yetu. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Robo kilo kila gunia, huyo ana mtungi wake wa kufichia maharage kule bandani. Ijumaa namsimamisha. Na kituo tunafunga, hakina faida ya kulindwa."

Nilijibu nini? Nilitaka kusema Yustina hawezi. Lakini mimi ndiye niliyekuwa nimewafundisha watu wote pale kwamba namba zikiegemea upande mmoja kuna jambo. Nisingeweza kuigeuza kanuni kwa sababu imemwangukia mtu wangu. Nikamwambia, "Ijumaa bado siku tatu. Nipe mbili."

"Mama, utaenda kumwonya."

"Nitaenda kukaa. Neema aje anione nikikaa."

Tukaenda. Tulipofika Kumsenga Yustina alitupokea kwa furaha, makofi, mwakeye, watoto, mihogo, mguu wangu unaouma. Akatupa viti. Sikumwambia nimekuja kufanya nini. Nilisema nimekuja kuaga kituo kabla ya kustaafu. Huo ni uongo, na nitasema ulinigharimu nini.

Tukakaa. Yustina alipima jiwe kwanza, kama alivyofundishwa. Kila kitu alifanya kama nilivyomfundisha mimi, mpaka jinsi ya kushika kalamu. Hapakuwa na mtungi wala kijungu. Nilitazama mikono yake tu, na mikono yake ilikuwa safi. Saa nne, saa tano. Nikaanza kuogopa, maana kama si yeye, ni nani?

Ndipo Neema akaniinamia. "Bibi, kwa nini wanachota?"

"Nani anachota?"

"Huyo mama."

Nikatazama. Mama mmoja, jirani wa Yustina, gunia lake lilikuwa limejaa siku hiyo. Yustina amelipima, ameandika. Mama yule akapitisha viganja vyake viwili kwenye mdomo wa gunia, akachota maharage, akayatia kwenye kikapu alichokuja nacho. Kisha Yustina akachukua sindano na kamba, akashona.

Nikamwambia Neema asubiri. Likaja gunia la pili. Akapima, akaandika, mwenye gunia akachota viganja viwili, likashonwa. La tatu, hivyohivyo. Wala hawakujificha. Walikuwa wanachota huku wanazungumza na mimi.

Nilikuwa nimeyaona hayo maisha yangu yote, na kwa sababu hiyo nilikuwa sijayaona. Huku kwetu mtu harudi nyumbani na kikapu kitupu. Ukimpelekea jirani kitu kwenye kikapu, atakirudisha na kitu, hata viazi viwili. Ukitoka shambani, kikapu kina kitu. Kukirudisha kitupu ni kama kusema kwenu pameisha. Na hawa kina mama walikuwa wamemwaga kikapu cha mwisho kwenye gunia, je, waende nacho kitupu mpaka mlangoni kwa mama mkwe?

Nikamwita yule wa kwanza. "Mama, hayo uliyochota ni ya nini?"

Akanitazama kama nimeuliza jua ni la nini. "Ya kikapu, bibi."

"Unajua yalishapimwa?"

"Ni yangu mwenyewe. Nimeyaleta mimi, nimeyalima mimi. Nirudi na kikapu kikavu? Wewe kwenu mlikulia wapi?"

Watu wakacheka. Neema, ambaye amekulia Kasulu mjini kwenye mifuko ya plastiki, ndiye peke yake aliyekuwa na macho ya kuona.

Nikaomba kikapu, nikapima yale maharage kwenye mzani mdogo wa nta niliokuja nao mkobani. Robo kilo na kidogo. Nikampimia wa pili. Robo kasoro kidogo. Wa tatu alikuwa na viganja vikubwa. Neema akaandika yote, na alipomaliza akasema, "Ndiyo ileile, bibi. Ndiyo robo yetu."

Nikamgeukia Yustina. "Kwa nini hawachoti kabla hujapima?"

Alikuwa ameshaelewa nilichokuja kufanya, niliona uso wake ukikunjamana. "Mama," akasema, "walikuwa wanachota kabla. Wakati naanza kazi ndivyo walivyokuwa wanafanya. Nani aliniambia pima kwanza, mengine yote baadaye?"

Mimi.

"Kwa hiyo ulikuja kunichunga," akasema. "Umekunywa maji yangu, ukaniuliza watoto wangu, huku unatazama mikono yangu. Ungeniuliza. Simu si unayo?"

Nilimwambia ilinibidi nione kwa macho, kwamba kama ningeuliza meneja angesema nimemwonya. Ni kweli. Na ni kweli pia kwamba kwa saa tatu niliitazama mikono ya mtu niliyemfundisha nikiitafutia mtungi. Alijua hivyo, na mimi nilijua anajua. Hatukupeana mkono wakati wa kuaga.

Alhamisi nilimweleza meneja. Hakuamini. Akasema maharage ya kikapu ni hadithi nzuri. Nikamwambia, "Usiniamini mimi. Waambie Kumsenga wachote kabla ya kupima, wiki tatu tu. Kama namba zitaendelea kuegemea, nisimamishe mimi pamoja na Yustina." Akasema mimi nastaafu hata hivyo. Nikasema basi ananipata kwa bei rahisi.

Akakubali. Wiki tatu zile nililala vibaya. Orodha ya kwanza ilipoingia, Neema hakuniita. Alinijia mwenyewe na kompyuta imefunguliwa mikononi, kama mtu anayebeba sahani ya moto. Kumsenga. Gunia la kwanza limezidi kidogo. La pili limepungua kidogo. La tatu limezidi. La nne na la tano yamepungua. Sijapata kufurahia makosa kiasi kile. Orodha ya pili, vilevile. Ya tatu, vilevile.

Meneja alizitazama zote tatu, akavua miwani. Siku hiyohiyo alipanda pikipiki kwenda Kumsenga mwenyewe, akamwambia Yustina mbele ya kina mama kwamba kituo kinabaki na yeye anabaki. Naambiwa walimpa viganja viwili vya maharage na hakuwa na kikapu, akarudi nayo kwenye kofia ya pikipiki.

Ile kanuni ya Mzee Shabani sijaifuta. Nimeipanua. Pima kwanza, ndiyo, lakini kwanza jua mwenye mzigo amemaliza na mzigo wake. Na kwenye ile programu, Neema ameongeza mstari. Kituo kikiegemea upande mmoja, mashine haiandiki wizi. Inaandika, NENDA KAANGALIE, MUULIZE MPIMAJI. Hayo maneno mawili ya mwisho nilidai mimi, na mnajua sasa kwa nini. Msiyafute. Mtaona siku nyingine mashine mpya, nzuri kuliko hii, na vijana wenzenu watairudisha kwenye sawa kabisa kwa sababu ndiyo rahisi kuandika. Wapelekeni kwenye mzani. Mara kumi.

Nimeona wapimaji wapya wawili wakipimishwa gunia wiki yangu ya mwisho, na aliyewapimisha ni Neema, mikono kiunoni. Mmoja alileta namba kumi zinazofanana. Neema alimrudisha mzanini kabla sijafungua mdomo. Nikaona ninaweza kwenda nyumbani.

Nimeshafika nyumbani. Jumapili iliyopita, baada ya kanisa, ikapigwa hodi mlangoni. Yustina. Nilikuwa sijamwona tangu siku ile. Amebeba kikapu cha maharage mapya kichwani, ametembea nacho kutoka barabarani. Akakiweka chini, akapiga makofi, mwakeye, akaniuliza mguu. Nikamjibu mguu. Nikamwambia, "Yustina, siku ile ningekuuliza." Akasema, "Ndiyo, mama, ungeniuliza." Akavua viatu akaingia ndani, akaomba chai.

Mjukuu wangu, mwenye utani kama wa babu yake, akautoa ule mzani mdogo niliopewa siku ya kuagwa, akauweka kando ya kikapu. "Bibi, tuyapime? Tuone kama yametimia?"

Watu wote wa nyumba walikuwa pale, mkwe wangu na sufuria, watoto mlangoni, na Yustina na kikombe mkononi ananitazama.

Nikawaambia, "Rudisheni huo mzani kabatini. Maharage ya Yustina hayapimwi humu ndani. Yamwageni kwenye ungo, na hicho kikapu mkijaze viazi mpaka kinashindwa kubebwa."